Wazazi wafundishwe nini ili kuzuia vijana kujiua?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Mbozi. Mwaka jana kijijini kwetu tulizika kijana aliyejiua, na sasa serikali ya kijiji imenipa saa mbili kwenye mkutano wa wazazi. Nimeandaa orodha ndefu ya dalili za hatari. Mwalimu mmoja ananionya nisilitaje kabisa neno kujiua, eti nitawapa watoto wazo. Je, ni kweli? Na kwa saa mbili nifundishe nini?

JIBU: Si kweli. Suala hili limechunguzwa katika nchi mbalimbali, kwa vijana na kwa watu wazima, na hakuna ushahidi kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua kunampandikizia wazo hilo. Aliyekuwa nalo tayari mara nyingi hupata ahueni, kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kuongea naye. Chenye madhara ni kusimulia kwa undani namna mtu alivyojiua, au kumpamba marehemu hadi ionekane kifo ndicho kilichofanya asikilizwe. Kwa hiyo usikisimulie kisa cha yule kijana mliyemzika. Ndugu zake nao watakuwa wamekaa hapo.

Hiyo orodha ya dalili ipunguze. Wazazi wataitikia kwa kichwa kisha wataondoka, na dalili zenyewe nyingi wanazijua: mtoto anajitenga, halali, ameacha mpira, anagawa vitu anavyovipenda. Tilia mkazo mambo mawili tu. La kwanza, kijana aliyewahi kujaribu kujiua yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake, hata akisema yamekwisha. La pili, kauli kama “mtanikumbuka nikiwa sipo” au “bora nisingezaliwa” zisichukuliwe kuwa deko.

Muda mwingi utumie kwenye mazoezi ya kuuliza. Mafunzo ya QPR (kifupi cha Kiingereza cha Question, Persuade, Refer), yaliyoanzishwa Marekani na mwanasaikolojia Paul Quinnett mwaka 1995, yana hatua tatu: uliza, mshawishi akubali msaada, mfikishe penye msaada. Hatua ya kwanza ndiyo inayowashinda watu. Wapange wawiliwawili, mmoja awe mzazi, mwingine awe mtoto. Utaona mama anacheka, anatazama chini, kisha anauliza, “Huwazi mambo mabaya, eti?” Hapo mtoto ameshafundishwa jibu: hapana. Mrudishe mpaka aweze kusema kwa sauti ya kawaida: “Mwanangu, naona siku hizi hauko sawa. Kuna wakati unawaza kujiua?” Kisha anyamaze. Kunyamaza nako kunahitaji mazoezi, hasa kwa akina baba. Mtoto akijibu “ndiyo”, jibu linalowatoka haraka ni “acha ujinga” au “sisi tulisoma kwa taabu kuliko nyinyi”. Tafuteni kwa pamoja maneno ya kuweka mahali pake. “Asante kwa kuniambia, hili tunalibeba wote” yanatosha kabisa.

Sehemu ya pili, ambayo waandaaji wengi huisahau, ni kuondoa hatari nyumbani. Kwa wengi, kilele cha wazo la kujiua ni kifupi, dakika au saa chache, na akikosa njia ya haraka, wengi hawaendi kutafuta nyingine. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu, yaani dawa za shambani, vyenye sumu kali kwa awamu, na kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Kwa wilaya ya wakulima kama yenu, hili ni jambo la kesho asubuhi: dawa za shambani zisikae chini ya kitanda wala jikoni. Ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ashike mtu mzima mmoja. Inapowezekana zihifadhiwe nje ya nyumba wanamolala watu, au mnunue kiasi cha kumalizika msimu huo. Na vidonge vya bibi vya presha vifungiwe pia. Waombe wazazi wanyooshe mkono mmojammoja na kusema dawa za kwao ziko wapi hivi sasa. Mtapata mjadala mzuri kuliko hotuba yoyote.

Wataulizia polisi. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa (Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba), na hofu hiyo ndiyo inayofanya familia zimfiche mtoto ndani. Sema wazi: aliyekunywa kitu au kujiumiza anakimbizwa kituo cha afya saa hiyohiyo, na mengine yatafuata. Anayewaza tu, asiachwe peke yake usiku huo, na asindikizwe hospitalini kwenye huduma ya afya ya akili. Kama familia inataka kwanza kwa mchungaji au shehe, usibishane nao; zungumza na viongozi hao kabla ya mkutano ili nao wajue pa kumpeleka. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure, waiandike kwenye simu zao mkiwa bado mmekaa.

Usitegemee mkutano mmoja. Tafiti za mafunzo ya aina hii zinaonyesha ujasiri wa kuuliza hupanda mara tu baada ya mafunzo, kisha hupungua miezi inavyopita. Omba nusu saa nyingine mwanzoni mwa msimu wa kununua dawa za shambani, na nyingine kabla ya matokeo ya kidato cha nne, ambayo kwa kawaida hutoka Januari. Safari hizo usirudie dalili. Wapange tena wawiliwawili, waulizane.