Maswali na Majibu: Utoaji wa Walatino wa Marekani, ule usiohesabiwa

Barua za mwezi huu nyingi zinawahusu Walatino wa Marekani, watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati na nchi nyingine za upande huo. Sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 62, karibu mtu mmoja katika kila watano nchini humo. Baadhi yenu mnaishi nao mtaa mmoja au mnafanya nao kazi zamu moja. Nimechagua barua zinazouliza juu ya sadaka, michango na misaada yao.

Shikamoo. Nasoma maendeleo ya jamii hapa Dodoma. Tumefundishwa kwamba Walatino hutoa kidogo kwa misaada kuliko Wamarekani wengine. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Jibu linategemea aliyeuliza aliuliza nini. Tafiti nyingi za utoaji Marekani humuuliza mtu: mwaka jana ulizipa kiasi gani taasisi za hisani zilizosajiliwa? Sasa mfikirie mama anayesafisha vyumba vya hoteli Los Angeles. Kila akipokea mshahara hutuma fedha kwao Oaxaca, Meksiko, za dawa za mama mkwe na ada ya watoto wa dada yake. Mpwa wake aliyefika juzi analala sebuleni kwake na hachangii kodi. Jumapili yuko jikoni parokiani anapika chakula cha kuuzwa, fedha ziende kwa familia iliyofiwa. Mama huyo akiulizwa swali lile atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakutoa kitu, na mtafiti ataandika sifuri.

Angalia fedha zinazovuka mpaka. Mwaka 2023 Meksiko peke yake ilipokea zaidi ya dola bilioni 63 kutoka kwa watu wake walioko nje, karibu zote zikitoka Marekani. Kwa Honduras na El Salvador fedha za namna hii ni zaidi ya moja ya tano ya pato lote la taifa. Sisemi zote ni sadaka. Baba anayewalisha wanawe anatimiza wajibu, na mwenyewe angekataa kuitwa mfadhili. Lakini humo humo mna upasuaji wa jirani, jeneza la binamu, sare za yatima wa kijiji, na hakuna anayezichambua.

Kumbuka pia anayetoa anatoa katika nini. Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha kuwa mali ya kaya ya kawaida ya Kilatino ni kama moja ya tano tu ya mali ya kaya ya kawaida ya Wazungu. Kwa hiyo ukipewa jedwali linalowapanga watu kwa ukarimu, usilikubali kabla hujasoma swali lililozaa jedwali hilo. Wewe unayesomea kazi hii ndiye utakayeandika madodoso ya kesho. Weka swali kuhusu jamaa, kijiji na kanisa.

Kazini kwetu, nyumba ya wazee, kuna akina mama kutoka Zacatecas, Meksiko. Wanauza tamales, chakula chao cha unga wa mahindi, wakichangia paa la kanisa la kijijini kwao. Wanasema zamani serikali ilikuwa inawaongezea fedha, siku hizi haiongezi. Hii imekaaje?
*Muuguzi, Houston*

Wanasema kweli, dada. Umoja wao ni wa watu wa kijiji kimoja walioko ughaibuni, na wenyewe huuita club de oriundos. Wameenea Los Angeles, Chicago, Texas na kwingineko. Fedha wanazipata kwa dansi za Jumamosi, bahati nasibu, chakula, na mashindano ya kumchagua malkia wa klabu, ambayo kwa watu wa Zacatecas ni jambo kubwa kweli. Zikishapatikana, kijijini unachimbwa mtaro wa majitaka, unavutwa umeme, barabara inawekwa lami, kanisa linaezekwa.

Zacatecas ndiko ulikokulia utaratibu wa serikali kuweka fedha zake juu ya fedha za klabu. Mwaka 2002 ukawa mpango wa nchi nzima ulioitwa Tres por Uno. Klabu ikitoa dola moja, serikali kuu iliongeza moja, jimbo moja, na halmashauri moja. Dola ya mhudumu wa mgahawa ikageuka nne. Ulipofika mwaka 2020, chini ya Rais López Obrador, serikali kuu ilikuwa imeuondolea mpango huo fungu lake katika bajeti. Baadhi ya majimbo yalijaribu kuendelea kwa fedha zao.

Mpango ulikuwa na kasoro, tena si ndogo. Fedha zilikwenda kwa wahamiaji waliokwisha kujipanga: Zacatecas, Jalisco, Guanajuato, Michoacán. Vijiji vya kusini kama vya Chiapas, maskini zaidi lakini vikiwa na klabu chache Marekani, vilipata kidogo. Wanasiasa nao walijua kuchagua mradi wa kufungulia kampeni. Pamoja na hayo naona kuufuta kulikuwa kosa. Vijiji visivyo na klabu vingeweza kutengewa fungu lao bila kuwavunja moyo wenye klabu. Na kilichopotea hakikuwa fedha tu. Kupitia mpango ule, mtu aliyeondoka kijijini hana kitu aliketi meza moja na meya wake, akauliza saruji imenunuliwa wapi na kwa nini bei ni hiyo. Hao mama wa kazini kwako wanaendelea na paa bila serikali. Ukiweza, nunua tamales zao.

Mwanangu yuko California. Anasema Wameksiko wa huko wanacheza upatu kama sisi. Nimeshindwa kuamini.
*Mama wa watoto wanne, Tanga*

Amini tu, mama. Wanauita tanda, na wengine cundina. Watu kumi wanatoa dola mia kila wiki mbili, na kila awamu mmoja anaondoka na elfu moja. Yuko mwenye kukusanya, kama kijumbe wenu, na jina lake ndilo dhamana. Anayechelewesha hapelekwi mahakamani, ila taarifa zitamtangulia kila aendako. Na mwenye msiba au mgonjwa huachiwa zamu ya mwingine. Hapo ndipo tanda inapokuwa msaada, si akiba tu.

Tatizo lao lilikuwa kwamba mtu alilipa tanda miaka kumi bila kukosa hata mara moja, halafu benki ikamwambia hana historia ya mikopo. Katika mtaa wa Mission, San Francisco, shirika la Mission Asset Fund lilianza kuandikisha michezo hii kama mikopo midogo isiyo na riba, na kila malipo yakaripotiwa kwa kampuni zinazotunza historia za wakopaji. Kiongozi wake, José Quiñonez, alipewa tuzo ya MacArthur, moja ya tuzo za heshima kubwa Marekani, mwaka 2016. Katika yote niliyoyasoma kuhusu jamii hii, hili ndilo linalonipendeza zaidi, kwa sababu hawakumfundisha mtu yeyote kuweka akiba. Walikuta watu wanajua, wakailazimisha benki ione.

Haya mambo ya kusaidiana wameyaanza hawa wahamiaji wa juzi, au yana historia?
*Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa*

Yana historia ndefu, mzee wangu. Mwaka 1894, katika mji wa Tucson, Arizona, ilianzishwa Alianza Hispano-Americana. Mwanachama alilipa ada, na akifa familia yake ilipata fedha za kumzika na kuanzia maisha. Ni chama cha kufa na kuzikana hasa, na kilienea katika majimbo kadhaa. Vyama vya aina hiyo viliitwa mutualistas, na vingi vilitetea pia wafanyakazi na kupinga shule za ubaguzi.

Huko Tampa, Florida, katika mtaa wa Ybor City, wasokota sigara kutoka Uhispania na Kuba walijenga kumbi nzuri kuliko za matajiri wa mji. Centro Español kilianzishwa 1891. Kwa ada ya mwezi mwanachama alipata daktari na dawa, miongo mingi kabla serikali haijafikiria bima ya afya ya wazee. Wakuba weusi, ambao ubaguzi wa Florida uliwatenga, wakawa na chama chao wenyewe, La Unión Martí-Maceo, mwaka 1904. Ni wasokota sigara hao hao waliokuwa wakitoa ujira wa siku moja kuchangia uhuru wa Kuba, José Martí alipopita kuwahamasisha.

Kisa kimoja zaidi, maana nakipenda. Mwaka 1957 huko Texas, Felix Tijerina, mwenye migahawa Houston na rais wa LULAC, chama cha kutetea haki za Walatino, alipaza sauti juu ya watoto wa Kimeksiko wanaofeli darasa la kwanza kwa kuwa hawajui Kiingereza. Msichana wa miaka 17 wa mji mdogo wa Ganado, Isabel Verver, alimwandikia kwamba yuko tayari kuwafundisha. Tijerina akamlipa kutoka mfukoni mwake. Watoto walifundishwa maneno 400 ya msingi kabla ya kuanza shule, na katika miaka michache jimbo la Texas likachukua mpango huo na kuugharamia. Sadaka ya mtu mmoja na kazi ya binti mmoja viliibana serikali ifanye wajibu wake. Kwangu huo ndio utoaji wa hali ya juu.

Je, fedha ninazotuma nyumbani zinanipunguzia kodi Marekani?
*Dereva, Phoenix*

Hapana, kaka. Zawadi kwa mtu binafsi haipunguzi kodi, hata awe fukara kiasi gani. Kinachokubalika ni mchango kwa taasisi iliyosajiliwa Marekani, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata asiyeorodhesha makato yake moja moja kwenye fomu anaweza kuondoa katika kipato kinachotozwa kodi hadi dola 1,000 za michango ya fedha taslimu, au 2,000 kwa mke na mume wanaojaza fomu pamoja. Jambo jingine linakuhusu wewe na jirani yako Mlatino vilevile: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje kuanzia Januari 1, 2026, endapo unalipa dirishani kwa noti, hawala ya fedha (money order) au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko, haikugusi.

Kwa nini mifuko mikubwa ya hisani huwapa Walatino kidogo?
*Mfanyakazi wa shirika la kiraia, Nairobi*

Kidogo mno: kwa miaka mingi fungu linaloelekezwa moja kwa moja kwa Walatino limekuwa kama asilimia 1 ya fedha za mifuko hiyo. Ndiyo sababu mwaka 1983 wachache waliokuwa wakifanya kazi ndani ya mifuko walianzisha Hispanics in Philanthropy. Sababu utazitambua mwenyewe kutokana na kazi yako: wanaoamua hawawajui wanaoomba, na fomu zinadai wahasibu ambao kikundi kidogo hakina. California, Latino Community Foundation imepita njia nyingine. Watu wa kawaida, walimu, wanasheria, wafanyabiashara, wanaunda vikundi, wanachanga kila mwaka, kisha wanakaa na kuamua pamoja shirika gani la mtaani lipewe.

Daraja letu hapa Pittsburgh linaitwa Roberto Clemente. Mwanangu kaniuliza alikuwa nani, nikakosa jibu.
*Mama kutoka Burundi, Pittsburgh*

Mwambie alikuwa mchezaji wa besiboli, mweusi wa Puerto Rico aliyeichezea Pittsburgh misimu 18. Desemba 23, 1972 tetemeko liliubomoa Managua, mji mkuu wa Nikaragua. Clemente aliongoza uchangishaji kwao Puerto Rico. Habari zikamfikia kwamba misaada inaporwa na watu wa utawala wa Somoza, dikteta wa Nikaragua. Akaona akienda mwenyewe, kwa jina lake, hawatathubutu. Usiku wa Desemba 31 akapanda ndege kuukuu iliyojazwa mizigo kupita kiasi, ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka San Juan. Alikuwa na miaka 38, na mwili wake haukupatikana. Kila mwaka ligi kuu humpa tuzo yenye jina lake mchezaji anayeitumikia jamii. Mtoto akikua kidogo mweleze pia kwamba aliyekufa pale alikuwa mtu aliyekataa kutoa kisha asijue kilifika kwa nani.

Kanisa letu la Wakongo linataka kuchangia familia za Walatino zilizopata mafuriko. Wengi hawana karatasi na wanaogopa kujiandikisha. Tufanyeje?
*Katibu wa kamati, Louisville*

Ndugu katibu, hofu yao ina msingi. Mtu asiye na hadhi ya kisheria hapati fedha taslimu za maafa za serikali kuu, isipokuwa katika nyumba yake kuna mtu anayestahili, kwa mfano mtoto aliyezaliwa Marekani, ambaye ombi linaweza kuandikwa kwa jina lake. Waelezeni hilo kwanza, kwani wengi huliacha kwa kutojua.

Mfano wa kufuata upo. Mioto ya Oktoba 2017 ilipoteketeza sehemu za kaunti ya Sonoma, California, vikundi vya huko vilianzisha UndocuFund kwa ajili ya watu wa aina hiyo: wavuna zabibu na wasafishaji nyumba waliopoteza kazi au makazi. Walikusanya mamilioni ya dola na kuwapa watu fedha mkononi.

Kwenu ningeanza na parokia yenye misa ya Kihispania. Katekista au mama anayeratibu jikoni anajua nani amelala kwa nani. Kama mtapitishia fedha kwenye shirika, hakikisheni usajili wake katika orodha ya mamlaka ya kodi, inapatikana bure mtandaoni. Toeni fedha, si mafurushi ya nguo. Msiulize hadhi ya mtu, wala msiiandike popote. Katika daftari wekeni namba badala ya majina, kiasi, tarehe, na saini za wanakamati wawili, mmoja wenu na mmoja wao. Wahasibu wa kanisa watataka zaidi ya hapo, basi mkubaliane nao kabla ya kukusanya senti ya kwanza.