Meli Imefika, Likizo Bado: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Visiwa vya Kumalizia Safari

SWALI: Ndugu wahariri, mwishoni mwa Januari mimi, mke wangu na watoto wetu wa miaka 6 na 9 tutasafiri kwa meli ya kitalii itakayopitia Mombasa na kumaliza safari Unguja. Tutabaki na usiku sita kabla ya kurudi Marekani. Rafiki zetu wanasema Nungwi, wengine Paje, na shemeji yangu hataki kusikia kingine ila kisiwa cha Mafia. Tuna pasipoti za Marekani. Tukae wapi?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

JIBU: Kwa watoto wa umri huo, nendeni Nungwi au Kendwa, kwenye rasi ya kaskazini ya Unguja. Hatusemi hivyo kwa uzuri wa mchanga, maana Paje inawashinda wote kwa mchanga. Tunasema hivyo kwa sababu ya maji kupwa.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, ina ufuko mpana ulio karibu tambarare hadi kwenye mwamba. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4, na bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Picha za hoteli hupigwa maji yakiwa yamejaa. Mgeni akiamka kesho yake anakuta madimbwi, mwani na mashua zilizolala ubavu, anadhani ametapeliwa.

Kabla ya kulipia hoteli yoyote ya mashariki, tazameni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji Unguja hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Maana yake asubuhi nzima hakuna pa kuogelea. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa kama saa nne asubuhi, na kwa kuwa ni maji mafu, hayapwi sana. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo usiku sita uleule wa Paje unaweza kuwa raha au kero, kutegemea tarehe. Nungwi na Kendwa ufuko huingia kina haraka, na watu huogelea karibu saa zote. Tena Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi. Chagueni hoteli ya upande wa magharibi wa rasi, upepo hautawasumbua. Paje upepo huohuo ndio neema ya wanaoteleza majini kwa tiara, na mtoto anayejifunza kuogelea hapaswi kuwa chini ya kamba zao.

Kasoro za Nungwi ni kelele na vijana wauza safari wanaowafuata wageni ufukweni. Kendwa kuna sherehe za usiku wa mwezi mpevu. Tarehe zenu zikigongana nazo, ombeni chumba cha mbali na ufuko. Popote mtakapokaa, wanunulieni watoto viatu vya mpira vya kuingilia majini, kwa ajili ya miiba na matumbawe.

Mafia tunaipenda, lakini kwa safari hii shemeji asamehe. Papa potwe, wale papa wakubwa mno wasiouma watu, wapo kweli msimu huo (huonekana takriban Oktoba hadi Februari, upande wa Kilindoni), ila kutoka Unguja mtapitia Dar es Salaam, na ndege ndogo za kwenda huko kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, tena mfuko laini. Masanduku magumu ya melini yatawakwamisha uwanjani. Kwenda na kurudi kutakula sehemu kubwa ya siku mbili kati ya sita, na kuogelea na papa potwe ni kuruka kutoka kwenye mashua kwenye maji ya kina, ambako mtoto wa miaka 6 hana raha. Mwaka mwingine, mkiwa na usiku nane au zaidi, mtafurahi.

Mpango tunaoupendekeza: usiku wa kwanza mlale Mji Mkongwe. Meli hufunga bandari ya Malindi ya Unguja, karibu kabisa na hapo. Abiria hushushwa asubuhi, na hoteli nyingi hutoa chumba saa nane mchana. Basi mizigo mnaiacha mapokezi, watoto wanakula urojo, jioni mnashuka bustani ya Forodhani. Kesho yake ni takriban kilomita 60 hadi Nungwi, saa moja hadi moja na nusu kwa gari. Siku ya kuondoka, tokeni Nungwi ukiwa umebaki muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka.

Kuhusu makaratasi, raia wa Marekani hulipia visa ya Tanzania dola 100 kila mtu, ya kuingia mara nyingi; ombeni mtandaoni mapema. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima yake nyingine. Halafu kuna jambo ambalo abiria wa meli hulisahau: mtatokea Mombasa, na Kenya imo katika orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Kadi ya chanjo itatakiwa, ya watoto pia, na cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano. Kuchanja wiki ya kuondoka hakutasaidia.

SWALI: Meli yetu inatoka Mahé, Ushelisheli, kwenda Durban na itasimama Zanzibar siku moja. Tunaweza kushuka hapo moja kwa moja tukaanza likizo ya kisiwani, tukaachana na sehemu iliyobaki?
*Msomaji, Dubai*

JIBU: Mnaweza, ila si kwa kubeba begi na kuteremka. Andikieni kampuni ya meli wiki kadhaa kabla, mkitaja bandari na tarehe, na msubiri idhini ya maandishi. Nahodha ana orodha ya abiria anayoikabidhi kwa uhamiaji. Mtu akipungua bila taarifa, meli inaweza kuchelewa kuondoka na gharama mkabebeshwa nyinyi. Ulizeni pia kama bandari hiyo uhamiaji watawagongea mihuri kama wageni wanaoingia nchini, si kama abiria wa matembezi ya siku. Hapo ndipo visa ya kawaida inapohitajika.

Pasipoti mara nyingi hukaa kwa maofisa wa meli: zidaini usiku uliotangulia. Mizigo mtaibeba wenyewe kupitia forodha. Na nauli ya siku zilizobaki hairudi.

Bahari ikichafuka, meli huweza kuruka bandari. Kwa hiyo hoteli ya usiku wa kwanza iwe ile inayokubali kufutwa bila faini hadi siku moja au mbili kabla. Msinunue chumba cha bei ya chini kisichorudishwa. Akiba yake ni ndogo kuliko hasara yake.

SWALI: Julai tutamaliza fungate melini, bandari ya Victoria, Ushelisheli. Tuna usiku minne. Mke wangu anataka kisiwa cha La Digue. Sawa?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: La Digue iwe ya matembezi ya siku, kitanda kiwe kisiwa jirani cha Praslin. Julai ni msimu wa upepo wa kusi, na kusi ya Ushelisheli ina nguvu. Boti ya Mahé, kisiwa chenye bandari ya Victoria, hadi Praslin huchukua kama saa moja na siku hizo hurukaruka hasa. Kaeni nyuma, sitaha ya chini, na dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla, si wakati tumbo limeshageuka. Kutoka Praslin hadi La Digue ni dakika 15 tu.

Praslin tafuteni upande wa Côte d'Or. Grand Anse ya Praslin msimu huo hupokea mwani mwingi, na hiyo ndiyo sababu vyumba vyake hushuka bei. La Digue mkodishe baiskeli. Anse Source d'Argent imekingwa na mwamba na maji yake hutulia, mlangoni kuna kiingilio. Grand Anse ya La Digue mtazame tu: mkondo wake wakati wa kusi huvuta watu.

Usiku wa nne rudini Mahé, Beau Vallon, ambako kusi haifiki sana, ili ndege ya asubuhi isitegemee boti. Idhini ya kusafiri ya Ushelisheli hudai uthibitisho wa malazi ya siku zote, basi lipieni hoteli kwanza. Na mkinunua ile nazi maarufu ya coco de mer, hakikisheni ina cheti chake, la sivyo itabaki uwanjani.

SWALI: Nina kadi ya kijani ya Marekani. Meli itanirudisha San Juan, Puerto Rico, mwezi Machi. Kisiwa gani cha karibu kwa siku tatu, bila visa nyingine?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Vieques au Culebra, vyote ni Puerto Rico, huhitaji visa. Feri huondokea Ceiba tangu 2018, si Fajardo kama vitabu vya zamani vinavyosema, na kutoka San Juan ni zaidi ya saa moja kwa gari. Gari la kukodi usilipandishe feri, kampuni nyingi hukataza. Kodi jingine kisiwani, na ulishike mapema kwani mwezi Machi magari huisha. Ukipenda ufuko tu, nenda Culebra, ufuko wa Flamenco. Ukitaka kuona maji yanayong'aa usiku, nenda Vieques, Mosquito Bay, ukichagua usiku wa giza karibu na mwandamo. Mwezi mpevu hufunika mng'ao wote. Kuogelea humo hakuruhusiwi, utaingia kwa mtumbwi.