Sindano ya teriparataidi kwa mfupa uliogoma kuunga

Kabla ya kutafuta hela ya dawa hii, muulize daktari kwa nini mfupa uliovunjika umegoma kuunga. Kama vipande vinacheza kwa sababu chuma kimelegea, au kidonda kina usaha, sindano haitakuokoa: vyuma vikazwe na maambukizi yatibiwe kwanza. Sigara iachwe, vitamini D ipimwe.

Teriparataidi ni asidi amino (vijenzi vya protini) 34 za mwanzo, kati ya 84, za homoni ya tezi za parathairoidi, tezi ndogo za shingoni. Marekani iliiidhinisha mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Kuunga mfupa ni matumizi ya nje ya kibali hicho, kwa uamuzi wa daktari. Homoni hii ikikaa juu mwilini kutwa nzima humomonyoa mfupa. Ikipanda na kushuka haraka mara moja kwa siku, huziamsha seli zinazojenga. Ndiyo maana usichome mara mbili kwa siku, hata kama jana ulisahau. Katika utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake 102 waliovunjika mkono karibu na kiganja, mikrogramu 20 zilipunguza muda wa kuunga kutoka wiki 9.1 hadi 7.4, mikrogramu 40 hazikuonyesha faida ya kuaminika.

Dozi ni mikrogramu 20, chini ya ngozi ya paja au tumbo. Kalamu ya kuchomea, yenye dawa ndani, hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ikiganda, itupe. Funga sindano mpya kila siku na uitoe ukimaliza, la sivyo dawa huvuja na hewa huingia. Ukibonyeza kitufe, hesabu taratibu hadi tano kabla ya kuchomoa. Siku 28 zikiish­a, kalamu itupwe hata ikibakiwa na dawa. Siku za mwanzo chomwa ukiwa umekaa, maana presha inaweza kushuka ukasikia kizunguzungu.

Kalsiamu ya damu hupanda saa chache baada ya sindano. Ipimwe zikipita angalau saa 16, usije ukaambiwa imezidi bure. Mwenye saratani ya mifupa, aliyewahi kupigwa mionzi ya mifupa, au mtoto anayekua, asitumie.

Ukiacha, mfupa ulioongezeka huanza kupotea. Mwenye mifupa dhaifu apange mapema na daktari dawa ya kuulinda, kama alendroneti.