Bili ya maji ya miezi mitatu: wahi wewe kabla hawajaja

Pole sana dada. Umesema uko Pasua, hapo Moshi, bili ya maji ya miezi mitatu imelala na umeshaletewa notisi ya kukatiwa. Usisubiri fundi aje na spana. Kesho asubuhi nenda ofisi za mamlaka ya maji, MUWSA, ubebe bili ya mwisho na chochote ulicho nacho mkononi, hata kama hakifiki nusu. Omba kulipa kwa awamu, taja kiasi utakachokiweza kweli, na makubaliano yaandikwe. Ukishakatiwa utadaiwa na ada ya kurudishiwa, juu ya deni lile lile.

Leo usiku funga mabomba yote, kisha mulika mita kwa tochi ya simu. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, ujue maji yanavuja. Kwangu ilikuwa tangi la choo, kampira kameisha, maji yanatiririka kimya kimya usiku kucha na bili inapanda.

Kama bili yenyewe unaipinga, anza na malalamiko ya maandishi pale pale. Wasipokusikiliza, yapeleke EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Akitokea mtu wa kukurudishia maji kienyeji, kataa, hilo ni kosa kisheria.