Paa kwanza, mashine ya upepo baadaye

Ndugu yangu wa Makambako, pole sana kwa mabati ya jiko kung'olewa na upepo. Umeuliza kama upepo huohuo unaweza kukuwashia taa, na kama mashine ndogo ya kufua umeme wa upepo unaweza kuifunga juu ya nyumba. Taa zitawaka. Juu ya nyumba, nakusihi usiifunge.

Upepo ukigonga kuta unavurugika, mashine inatetemeka, na mtetemo huo unalegeza misumari. Simamisha mnara shambani, mbali na miti ya milingoti, mapanga ya mashine yapite kilele cha mti wa karibu kwa kama mita 9. Urefu unalipa, maana juu upepo una kasi zaidi: kasi yake ikiwa mara mbili, nguvu ya umeme unayoweza kuvuna inakuwa mara nane. Lakini upepo unaotamanisha ndio huohuo unaobomoa. Mashine kubwa, kama zile za mradi wa umeme wa Mwenga kule Mufindi, hujisimamisha upepo ukizidi. Basi usinunue ndogo isiyo na breki, hata wakikupunguzia bei.

Ila paa kwanza, tafadhali. Kwangu Mafinga fundi alitumia misumari ya kawaida kwenye bati. Baada ya dhoruba nilipanda nikakuta matundu yamepanuka, kidole kinapita! Siku hizi kenchi zangu, yaani mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwa waya mnene hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege ukutani, na kingoni misumari ya bati imekaribiana. Wewe pia anzia kingoni, maana ndiko upepo unakoshika kwanza.