Moshi Jikoni: Dirisha Moja Halitoshi

SWALI: Jikoni kwetu tunapikia kuni, na ingawa dirisha huwa wazi, moshi hujaa hadi macho yanawasha. Wakati wa baridi tunatumia mkaa, ambao hauna moshi, na tunafunga mlango. Je, hilo ni salama?

JIBU: Naanza na mkaa, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kutoonekana kwa moshi hakumaanishi kwamba hewa ni safi: mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu na inaweza kumuua mtu akiwa usingizini. Tafadhali msifunge mlango jiko likiwa linawaka, wala msiliingize chumbani mnamolala, hata kama makaa yamefifia na kufunikwa na majivu. Mtu akiumwa kichwa, akihisi kizunguzungu au kichefuchefu karibu na moto, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali.

Kuhusu kuni, moshi wa moto hupanda na kujikusanya chini ya paa, juu ya usawa wa dirisha. Masizi yaliyoganda kwenye boriti yatawaonyesha mahali moshi unapokwama. Wekeni tundu pana karibu na kilele cha paa, lililokingwa mvua, au jengeni dohani juu ya meko, na mwache upenyo wa chini ambamo hewa safi itaingia. Dohani isafishwe mara kwa mara, kwani masizi yakirundikana huweza kushika moto. Kuni ziwe kavu kabisa.