Jibu: Canter ya 4D32, ovahoo au turbo?

Ndugu, umeuliza iwapo Canter yako ya zamani, lori dogo la Mitsubishi lenye injini ya dizeli ya 4D32, ambayo inakula oili na kulemewa kwenye milima ya Kabale, ifanyiwe ovahoo (injini ifunguliwe na kukarabatiwa yote) au ifungwe turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) juu ya injini hiyo hiyo. Turbo mimi singeifunga. Injini hiyo ya lita 3.6 iliundwa ivute hewa yenyewe. Ukiisukumia hewa na kuongeza dizeli, joto hupanda juu ya pistoni zisizoandaliwa kwa kazi hiyo, na gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha injini, huungua mapema.

Anza kwa kupima. Fungua hedi, kisha pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, pale juu ringi ya kwanza ya pistoni inapogeukia: ukucha ukikwama kwenye kingo, silinda imelika, na kubadilisha ringi peke yake ni kutupa pesa, hata fundi akikuapia. Silinda zichongwe au zifungwe slivu mpya (mirija ya chuma ya ndani ya silinda), lakini pistoni zinunuliwe kwanza ili mchongaji afuate kipimo chake halisi.

Ikiwa unachotaka hasa ni nguvu, tafuta injini nzima ya 4D34T ya lita 3.9, iliyotoka kiwandani na turbo. Pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, usilipe kabla ya kuisikia ikiwaka ingali baridi. Kagua pia rejeta, klachi na breki, kisha namba mpya ya injini iandikishwe kwenye logbuku (kitabu cha usajili wa gari) kabla gari halijarudi barabarani.